Nilienda field na projekta, nikaokolewa na moyo wa mbuzi

Nianze na aibu yangu kabisa ili tuelewane. Kipindi changu cha kwanza kutumia projekta, kidato cha pili, Biology, mada ya usafirishaji wa vitu kwenye viumbe hai, nilikuwa na slaidi 34. Slaidi 34 kwa dakika 40 jamani. Nilikesha siku mbili naziandaa, maandishi yanaingia yanazunguka, mishale inaruka, kila slaidi na rangi yake, mwenyewe naangalia nasema huyu mwalimu ni hatari. Kengele ikalia nipo slaidi ya 9. Natoka nje binti mmoja akanikimbilia na daftari, nikajua ana swali la mishipa ya damu, kumbe anauliza "madam, yale maandishi yanavyozunguka vile, unayafanyaje?"

Basi mi ni mwanachuo wa ualimu wa sayansi, BTP, yani yale mazoezi ya kufundisha tunayoita field, nimefanya wiki nane kwenye shule moja ya kata mkoani Morogoro, na tangu nimerudi chuo wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wananijazia inbox, dada niende na laptopu au niiache, dada ninunue projekta ndogo, dada supavaiza wa chuo anayekuja kukupima anataka nini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja ndo maana naandika hapa.

Laptopu nenda nayo. Projekta usinunue, kwanza nisikilize.

Chuo tulifundishwa TEHAMA kwenye chumba chenye kiyoyozi, pazia nzito na skrini nyeupe inashuka kutoka darini. Darasa nililopewa mimi lina wanafunzi 78, madirisha hayana vioo wala pazia, na saa nne asubuhi jua linaingia moja kwa moja mpaka ubaoni. Nikawasha projekta ya shule, picha ya moyo ikatokea ukutani imefifia kama doa la chai. Wanafunzi wakakaza macho weee, mwisho wakaanza kuangaliana. Nikarudi nilipopanga nikamuomba mama mwenye nyumba khanga, akanipa nne na kitenge kimoja, kesho yake tukazibana madirishani na misumari. Hapo picha ikaonekana vizuri sana tu, ila sasa watu 78 ndani ya chumba kisichopitisha upepo, na joto la Morogoro mnalijua wenyewe, dakika ya 15 benchi la nyuma lote limelala. Toka siku hiyo khanga zilikuwa zinashushwa kwa dakika kumi tu, tunaangalia kinachoangaliwa, zinapandishwa, maisha yanaendelea.

Af kuna mambo ya waya ambayo hakuna mhadhiri atakwambia. Projekta nyingi za shuleni ni za zamani, tundu lake ni VGA, lile pana lenye vishimo vingi, na laptopu yako ya kisasa ina HDMI tu. Bila adapta hapo huna somo, una maboksi mawili yanaangaliana. Nunua adapta kabla hujaondoka mjini. Soketi pia ulizia mapema maana darasani kwangu haikuwepo hata moja, umeme nilikuwa nauvuta na ekstensheni kutoka ofisi ya walimu unapita dirishani, na mtu akijikwaa tu huko nje mi huku nimezimika. Na flashi, nakuomba sana, flashi ya masomo usiichomeke kwenye kompyuta yoyote ya kuprinti, nilifanya hivyo mara moja tu ikaingia virusi, nikakuta mafoda yangu yote yamegeuka shotikati, ukibonyeza hamna kitu. Weka nakala kwenye simu. Video weka VLC, ile programu ya kuchezea video, inacheza karibu kila aina ya faili, usije ukaambiwa mbele ya darasa kwamba faili halifunguki.

Kingine, siku moja kabla, wanafunzi wakishatoka, ingia darasani na vifaa vyote, washa, halafu nenda kakae benchi la mwisho kabisa. Mimi nilipokaa pale ndo nikagundua herufi zangu hazisomeki, ni kama siafu wamepanga foleni. Nikaongeza ukubwa mpaka slaidi ikawa inaingia maneno machache tu, na hapo nikajikuta slaidi nyingi hazina kazi, maana zilikuwa notsi nimezihamishia ukutani. Notsi zina mahali pake, ubaoni. Chaki haikatiki umeme na mwanafunzi anaandika kwa kasi yako.

Sasa video. Wiki ya pili nikashusha video YouTube, moyo unavyofanya kazi, dakika 11, imetengenezwa vizuri mno, msimuliaji Mmarekani anaongea kama anakimbizwa. Nikaazima sabufa kwenye geto la mwalimu mmoja kijana, nikaichomeka, bezi ikagonga, darasa zima likapiga makofi, wakajua leo ni disko. Dakika 11 zikaisha. Nikauliza damu ikitoka mapafuni inaingia chumba gani cha moyo, kimya. Nikauliza kwa Kiswahili, kimya. Mwalimu wa somo, mzee mmoja mtulivu anayenisimamia pale shuleni, alikuwa amekaa nyuma. Tulipotoka nikamwambia shikamoo mwalimu, leo vipi, akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo akasema, "Binti yangu, huyo mzungu wa kwenye video umemlipa posho? Maana amefundisha yeye, wewe ulikuwa umesimama tu."

Niliumia, ila alikuwa sahihi. Watoto hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari wanakutana na masomo kwa Kiingereza, hata mi mwenyewe nikiongea taratibu wanahangaika, sasa unamletea Kiingereza cha haraka chenye lafudhi asiyoijua na picha zinapita hapohapo na maandishi chini, afuate kipi? Kipindi kilichofuata nikaikata ile video, nikabakisha sekunde 50 tu, kipande cha vali za moyo, vile vilango vya damu, zinavyofunguka na kufunga. Sauti nikaizima. Nikaicheza mara tatu. Ya kwanza nikawaambia angalieni tu, hakuna kuandika. Ya pili nikauliza, vali zipi zinafunguka kwanza, za juu au za kutokea kwenye mishipa mikubwa? Ya tatu nikaisimamisha katikati, damu imejaa vyumba vya chini, nikasema haya, nini kinafuata? Jamani walibishana! Kuna mmoja akasimama kabisa akasema zikifunguka zote kwa pamoja damu itarudi ilikotoka, mwingine akamjibu ndo maana zile za juu zimefunga. Sikuwa nimewaambia hilo. Sekunde 50, sauti sifuri, na tulikaa nazo karibu nusu ya kipindi.

Yani kama unachukua kitu kimoja kutoka kwangu chukua hiki, kabla hujachomeka chochote jiulize hii mashine inaenda kuonyesha nini ambacho ubao na mdomo wangu haviwezi. Vali kufunguka na kufunga siwezi kuchora, kinachotembea hakichoreki. Sawa, hiyo ni kazi ya video. Lakini maana ya aorta, mchoro wa moyo na majina ya sehemu zake, hizo slaidi za nini? Chora ubaoni nao wachore.

Mwenzangu niliyekuwa nimepanga naye anafundisha Fizikia, yeye alikuwa anatumia PhET, zile simulesheni za bure za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, yule mwanafizikia wa Nobel ya 2001. Uzuri wake unazishusha ukiwa na wifi ya chuo, kule kijijini zinafunguka bila bando, na kuna ambazo zimetafsiriwa Kiswahili kabisa. Alichukua ile ya saketi za umeme, unaunga betri, waya na balbu kwenye skrini unaona vielektroni vinatembea. Maabara yao ilikuwa na balbu mbili nzima. Lakini hata yeye alianza na hizo balbu mbili kwanza, waziguse, ndo akaenda kwenye skrini. Na kwa vitabu, kama shule haina nakala za kutosha, TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, wana maktaba yao mtandaoni yenye vitabu vya kiada, soma huko mapema uandae andalio lako, usisubiri kabati la mkuu wa taaluma lifunguliwe.

Haya, siku ya kuasesiwa. Andalio la somo nimeandika vizuri, zana za kufundishia: projekta, laptopu, video. Mzee akalichukua, akalisoma, akachukua kalamu akasema ukiandika kitu kinachochomekwa, chini yake andika na kisichochomekwa. Nikamuona mshamba kidogo, Mungu anisamehe. Ila nikatii, saa kumi na mbili asubuhi nikapita bucha nikanunua mioyo miwili ya mbuzi. Nilichagua mbuzi makusudi, ukileta ya kitimoto utaligawa darasa kabla hujaanza. Saa mbili umeme ukakatika. Saa tatu supavaiza anaingia getini.

Nilikuwa natetemeka, ila nikagawa makundi. Makundi mawili yana sinia, moyo na wembe mpya, mengine yanachora, kundi moja linaangalia zile sekunde 50 kwenye simu yangu, kila baada ya dakika chache tunabadilishana. Tulianza na maji ya ndoo na sabuni mlangoni, hilo usilisahau. Kundi la kwanza wakapasua, kijana mmoja akabinya ukuta wa chumba cha chini kulia kwa dole gumba akasema huku laini, akahamia kushoto akashtuka, "madam huku kugumu kama tairi!" Wote wakataka kubinya. Nikauliza kwa nini kushoto pawe panene hivyo, wakakwama, nikawauliza kulia damu inapelekwa wapi, mapafuni, mapafu yako wapi, hapo pembeni tu. Na kushoto? Akajibu binti wa kundi lingine ambaye hata sinia halijamfikia, mwili mzima, mpaka vidole vya miguu. Unene huo kitabuni upo, umechorwa kabisa, nimeufundisha kwa slaidi wiki nzima na hakuna aliyeushika.

Simu moja ikawa haitoshi, foleni inakuwa ndefu. Supavaiza akatoa ya kwake mfukoni akasema nirushie na mimi hiyo video, akaenda kukaa na kundi la nyuma. Alama sitaji ila nilipiga usingizi mzuri siku hiyo.

Hapohapo ndo lilitoka swali ambalo mpaka leo nacheka. Nilikuwa naelezea kwamba damu inaingia kwenye moyo mara mbili kwa mzunguko mmoja, inatoka mwilini inaingia moyoni, inaenda mapafuni kuchukua oksijeni, inarudi tena moyoni ndo isambazwe. Wanaitikia ndiyoooo ya kunifurahisha. Kijana mmoja akanyoosha kidole, "Kwa hiyo madam, basi linapita Msamvu halina abiria, linaenda kupakia, linarudi tena Msamvu ndo linaondoka safari?" Msamvu ni stendi kuu ya mabasi Morogoro. Nikamwambia njoo uichore. Akachora stendi yenye njia nne, nikaweka majina ya Kiingereza juu ya njia zake, na kwenye mtihani wa mwezi kuna watu walichora basi pembeni ya swali.

Umeme uliporudi wiki iliyofuata nilitumia projekta mara moja tu tena na ndo ninayojivunia. Kipindi cha dabo, kila mtu anahesabu mapigo yake kwenye kifundo cha mkono, mi nashika saa ya simu dakika moja. Kisha wote nje, mzunguko mmoja wa uwanja wa mpira kwa mbio, kurudi wanahesabu tena. Mmoja alikuwa na 76 akarudi na 132. Wanataja namba nami naingiza kwenye Excel mbele yao, wanaziona zinajaa, nikabonyeza grafu ikatokea. Vurugu! Kila mtu anatafuta nguzo yake. Kuna mwanamichezo wa shule mapigo yake yalikuwa chini kabla na baada, wakauliza kwa nini, na hilo ndo likawa somo la siku, sikulipanga.

Mambo madogo ya mwisho. Wanafunzi shuleni hawaruhusiwi simu, kwa hiyo usitoe homuweki ya kwenda kutafuta YouTube, unamtuma mtoto akaazime simu ya mjomba usiku. Na simu yako isigeuke kamera ya status, najua makundi ya wanachuo yamejaa video za watoto wa watu darasani na vichekesho juu yake, mtoto anakosea kutamka neno unamrusha dunia nzima aone. Ukitaka kurekodi kwa ajili ya kujitathmini elekeza kamera kwako mwenyewe, weka simu juu ya dawati la nyuma. Nilijirekodi hivyo nikagundua nasema "sawa?" kila sentensi na sisubiri mtu ajibu.

Wiki ya mwisho nilipoenda kumuaga mzee ofisini alinyoosha mkono akasema niachie hiyo flashi yenye video ya moyo. Nikampa. Akaizungusha mkononi, akachomoa karatasi kwenye daftari la azimio la kazi akanisogezea na kalamu. "Na hapa niandikie, ile mioyo ulinunua bucha ipi, na walikuuzia bei gani."