Dunnottar na mama mwenye shida ya magoti

Dada, umeuliza kama mama ataweza kufika kwenye magofu ya ngome ya Dunnottar, Uskoti. Kuingia ndani kutamchosha: ngome iko juu ya jabali lililojitokeza baharini, unashuka ngazi nyingi kisha unapanda tena. Ila ukisimama juu ng'ambo, kabla ya ngazi, unaiona yote, na kwangu hapo ndipo penye uzuri wenyewe. Pandeni treni toka Aberdeen hadi Stonehaven, halafu teksi. Wewe ukiingia, usikose chumba walimofungiwa Waprotestanti 167 mwaka 1685, wanaume kwa wanawake, kwa kukataa mfalme awe mkuu wa kanisa lao. Nilisimama mle nikakosa la kusema. Mama mvalishe koti zito, upepo wa pale ni mkali.