Moshi wa asubuhi, gari kuchoka mlimani: pima kabla hujafungua injini

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Nina Toyota IST ya 2004 yenye injini ya 1NZ, naiendesha baina ya Chake na Wete. Asubuhi nikiiwasha inatoa moshi wa buluu kidogo kisha unakatika. Siku hizi ikipanda mlima na watu wanne inachoka. Fundi wangu anasema ringi zimekwisha, injini ishushwe na ifunguliwe. Sina pesa za kubahatisha. Kuna njia ya kujua hali ya ndani bila ya kufungua? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Njia ipo, na mwombe fundi wako asilegeze boliti hata moja mpaka apime. Sisemi amekosea. Lakini moshi ulionieleza hautoshi kuzihukumu ringi, zile pete za pistoni zinazoziba pengo baina yake na ukuta wa silinda. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi kisha ukakatika mara nyingi ni sili za valvu (vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye valvu) zilizokauka: usiku oili inachuruzika tone tone mpaka juu ya pistoni, na ukiwasha inaungua. Ringi zilizokwisha hutoa moshi ukikanyaga mafuta, tena mlimani ndiyo zaidi, iwe asubuhi au jioni. Kwa hiyo huenda una maradhi mawili yasiyohusiana.

Anza na kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Injini ipate moto kwanza, kisha izimwe. Toa koili, halafu kabla ya kulegeza plagi pulizia upepo kwenye mashimo yake. Huku kwetu visiwani mashimo yale hujaa mchanga na kutu ya chumvi. Plagi ikitoka, takataka zote zinaangukia ndani, na punje chache tu zinachora ukuta wa silinda uliokuwa mzima. Naliona hili mara nyingi na linaniuma, kwa sababu mtu amekwenda kupima afya ya injini akarudi na jeraha.

Toa plagi zote nne, chomoa na soketi za nozeli ili petroli isiingie. Funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi la silinda ya kwanza, mtu mmoja akae ndani akanyage mafuta mpaka chini na apige stata mpaka sindano iruke mara tano. Fanya vivyo hivyo kwa zote nne, idadi ile ile ya mipigo. Betri iwe na nguvu. Niliwahi kuletewa Vitz hapa Mwanakwerekwe, imepimwa kwengine silinda zote zikasoma psi 110 (psi ndiyo kipimo cha mgandamizo), mwenyewe ameshaambiwa atafute injini ya mtumba. Nikamuuliza nani alikanyaga mafuta wakati wa kupima. Hakuna. Tukaazima betri nzima, mguu ukaenda chini, zote zikapita 180. Injini haikuwa na neno.

Kwa 1NZ, vipimo vya Toyota ni psi 213 ikiwa nzima, isishuke chini ya 156, na silinda moja isipishane na nyengine kwa zaidi ya psi 14. Mimi hiyo tofauti ndiyo ninayoitazama kwanza. Zikiwa 175, 172, 178, 174, hiyo ni injini iliyotembea lakini inafanya kazi yake sawa. Zikiwa 190, 188, 120, 191, silinda ya tatu ina jambo. Zikianguka mbili zilizo jirani, shuku gasketi ya silinda hedi baina yao. Angalia pia sindano ya geji inavyopanda: silinda nzima huruka juu kwa pigo la kwanza, lakini yenye ringi zilizochoka hujikongoja, kila pigo inaongeza kidogo.

Silinda ikisoma chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi, na fundi wako ana haki. Isipopanda, upepo unatokea kwenye valvu au gasketi, nazo zinatengenezwa kwa kutoa hedi tu, injini ikiwa ndani ya gari.

Ukitaka kujua hasa upepo unatokea wapi, tumia kompresa, ile mashine ya kujazia upepo. Hata fundi wa pancha anayo. Chukua paipu ya ile geji, toa kivalvu kidogo kilichomo mwishoni mwake, uunge na kompresa. Pistoni ya silinda hiyo iwe juu kabisa na valvu zote zimefunga, na boliti ya krenki ishikwe kwa spana ndefu, kwani upepo unaweza kuizungusha injini ghafla. Mikono ikae mbali na mkanda. Kisha zima kila kinachopiga kelele, usikilize. Mlio kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi. Mlio kwenye njia ya hewa, karibu na filta, ni valvu ya kuingizia. Fungua mfuniko wa rejeta, injini ikiwa imeshapoa: mapovu yakitoka, gasketi imepasuka. Na ukiweka sikio kwenye tundu la kutilia oili ukasikia pumzi nzito ikitoka chini, hizo ni ringi. Kidogo hapo ni kawaida, hakuna injini isiyovuja kabisa.

Jambo moja lisikupite: kompresheni nzuri haikuambii lolote kuhusu ringi ya oili, ile ya chini. Inaweza kuganda kwa masizi, gari ikala oili, na geji ikasoma vizuri. Kwa hiyo jaza oili mpaka alama ya juu, andika kilomita, uangalie kijiti baada ya kilomita 1,000.

Namba zikiwa sawa na oili haipungui sana, uchovu wa mlimani utafute nje ya injini: filta ya hewa iliyoziba, pampu ya petroli iliyochoka, plagi, au masega ya ekzosi (kile kichujio cha moshi) yaliyojaa masizi. Sili za valvu nazo hubadilishwa bila ya kutoa hedi, kwa upepo ule ule wa kompresa unaozuia valvu zisianguke.

Ukishapima, niandikie namba zote nne kwa mpangilio, ya kwanza ikiwa silinda ya upande wa mkanda, pamoja na ulichosikia kwenye tundu la oili.