Watoto wa paka wamegoma kula

SWALI: Paka wangu amegongwa na pikipiki, ameacha watoto wanne wa wiki tano. Nawapa maziwa ya ng'ombe na dagaa wa kuchemsha. Wawili wanakula ingawa wanaharisha. Wa tatu ana kamasi, ananusa chakula na kuondoka. Wa nne amelala tu tangu jana jioni, miguu yake ya baridi. Nifanyeje?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Pole sana. Anza na huyo aliyelala, na usimpe chakula kwanza. Mtoto wa paka akishapoa mwili, tumbo lake haliwezi kusaga kitu, na kwa kuwa hamezi vizuri, maziwa huingia mapafuni. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto, iviringishe kwa khanga, iweke upande mmoja wa boksi ili joto likizidi aweze kusogea. Mpake fizi tone la maji ya sukari, maana sukari ya mwilini humwishia upesi. Miguu ikishapata joto na akaanza kujisogeza, ndipo umlishe.

Mwenye kamasi anataka kula, ila hasikii harufu, na paka asiposikia harufu ya chakula hali. Changanya kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa na nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Yakiwa ya uvuguvugu, chovya pamba, lainisha ukoko wa puani na uufute kabla ya kila mlo. Mtenge na wenzake, na chombo chake kiwe peke yake, kwani mafua ya paka huambukiza haraka.

Maziwa ya ng'ombe acha leo hii. Sukari iliyomo huwashinda paka wengi, na kuharisha kunawakausha maji. Dagaa ni wazuri ila peke yao hawatoshi: waloweke mchanga utoke, ondoa vichwa, chemsha bila chumvi wala kitunguu, kisha saga na nyama ya kuku iliyochemshwa pamoja na supu yake hadi iwe uji. Wape ukiwa na joto la mwili. Chakula kilichopoa hakinukii.

Anayekataa mlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Asimame au alale kifudifudi, kamwe asilale chali. Ingiza bomba pembeni mwa mdomo, toa matone machache, ngoja ameze. Rudia kila baada ya saa nne. Wapime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni: wa umri huo hukaribia gramu 500 na huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Uzito ukishuka, usisubiri.

Huyo wa nne apelekwe kwa daktari wa mifugo leo, akiwa na chupa yake ya joto. Kwa umri wake saa 12 bila kula ni nyingi mno. Mwangalie fizi: zikiwa nyeupe, huenda viroboto au minyoo wamemmaliza damu. Muulize daktari dawa ya minyoo ya pairanteli, ipimwe kwa uzito wa kila mmoja na kurudiwa baada ya wiki mbili. Viroboto watoe kwa kitana chenye meno ya karibu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiwaguse nayo, nyingi huua paka, na Panadol hata kipande kidogo ni sumu kwao.