Perege wanahema juu ya maji alfajiri

Pole sana dada, hapo ulivyosema perege wako bwawani wanapanda juu alfajiri midomo wazi halafu jua likishachomoza wanatulia, huo sio ugonjwa, wanakosa hewa. Usimwage dawa yoyote kwanza. Maji yako yamekuwa kijani mno, ule ukijani ni vimea vidogo sana vya majini, mchana unatengeneza oksijeni ila usiku nao unaivuta, kwahiyo kufikia saa kumi na moja asubuhi samaki wanagombania kilichobaki, na kwa kweli wanateseka.

Zamisha mkono bwawani mpaka kwenye kiwiko, kama kiganja hukioni kabla kiwiko hakijaingia basi mbolea ya kuku inayokuza huo ukijani imezidi, acha kuweka. Leo usiwape chakula kabisa, punguza maji ya chini uingize ya mfereji, yadondoke kwa juu yarushe mapovu. Kama ni ya bomba yenye klorini yalaze kwanza kwenye simtanki wazi siku nzima.

Na huku Moshi mwezi wa sita wa saba baridi ikishika, maji yakishuka chini ya nyuzi 20 perege hali vizuri, sasa wewe ukiendelea na kipimo kilekile pumba zinaozea chini na kula hewa ileile. Wape kidogo saa tano hivi jua likiwa limewaka, wakiacha na wewe acha.

Halafu siku ya kuvua, naomba sana, usiwaache kwenye ndoo wafe wenyewe, mpige kila mmoja kichwani kwa nguvu azimie papo hapo ndo umchinje.