Mwenzake anatembea, wangu bado

Swali lenu la wiki hii mmeuliza, mtoto wa jirani katembea ana miezi 10, wa kwako ana 14 bado anashikilia kochi, utasubiri au utampeleka hospitali? Mi nafundisha chekechea huku Morogoro na nimelea wa kwangu pia, naomba nijibu kwa urefu kidogo mnivumilie.

Kwa huyo wa kochi ningesubiri, wala nisingekosa usingizi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wenye afya nzuri, wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, majibu wakayatoa 2006, na kutembea bila kushikwa kulianzia kama miezi 8 mpaka 17 na nusu, sasa hapo wako na wa jirani wote wamo. Kukaa bila kuegemezwa, karibu miezi 4 mpaka 9. Halafu kuna hili la bibi zetu kwamba lazima atambae kwanza, kumbe kwenye hao watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, walikaa, wakasimama dede, wakaondoka zao. Na kama alizaliwa njiti usihesabu toka siku aliyozaliwa, hesabu toka siku aliyotakiwa kuzaliwa, mtu kawahi wiki 8 halafu mnamlinganisha na aliyetimiza, si mnamwonea tu.

Kinachoniudhi ni maneno ya mtaani. Mtoto akichelewa kidogo kusimama utasikia "kabemendwa huyo", yaani baba au mama katoka nje ya ndoa, basi nyumba inawaka moto, wanatafutwa waganga, mtoto anaogeshwa midawa na miezi inakwenda. Wakati pengine mtoto hali chakula vizuri, au ana mtindio wa ubongo, au alikuwa na manjano kali, ngozi na macho kuwa ya njano, siku za mwanzo na hakuna aliyefuatilia. Na zile woka, vile vigari vya magurudumu vya kumsimamishia mtoto, mnazonunua ili atembee haraka haziharakishi chochote jamani, Kanada walizipiga marufuku 2004 maana watoto walikuwa wanaporomoka nazo kwenye ngazi.

Sasa yapo ambayo nisingesubiri hata wiki. Ana miezi 3 unamchekea na yeye hajawahi kukutabasamia. Miezi 6 mlango unabamizwa nyuma yake hashtuki wala hageuki, huyo apimwe masikio. Mwaka na nusu hatembei. Lingine watu wanalifurahia kabisa, mtoto hajafika mwaka anachukua kila kitu kwa mkono mmoja tu, wanasema huyu ameshachagua mkono wake, hapana, umri huo anatakiwa atumie yote miwili, akiukwepa mmoja huenda una udhaifu. Na kubwa kuliko yote ni anayerudi nyuma, alikuwa anasema mama, anasema maji, anapunga mkono, ghafla kaacha. Huyo hata awe na umri gani nenda, na wakikwambia atakaa sawa mwenyewe nenda kwingine.

Kuongea ndo kunawapa wazazi presha zaidi. Neno la kwanza ni karibu na mwaka mmoja, akifika miaka 2 aanze kuunganisha mawili, "baba njoo", "taka maji". Kama nyumbani bibi anamwongelesha Kiluguru na nyie Kiswahili, hesabuni maneno ya lugha zote mbili, lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Simu je? Napokea watoto wanaimba ei bi sii mpaka mwisho ila kuomba kwenda chooni hawawezi, maana katuni inaongea lakini haisubiri ujibu. Na kliniki wengi tunaenda kwa uzito na chanjo, tunaangalia mstari kwenye kadi umepanda, tunaondoka. Muulize nesi na haya mengine, sema kabisa "huyu bado hajakaa", usingoje akuulize.

Shule sasa. Wa rika langu mnakumbuka kupimwa kama umefikia umri wa kuanza shule kwa kupitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili? Watu wanacheka siku hizi lakini haikuwa akili mbaya, mtoto mdogo ana kichwa kikubwa mikono mifupi, kwenye miaka 6 au 7 mkono unakuwa umerefuka ndo unafika. Siku hizi vipo vyeti vya kuzaliwa, ila darasani kwangu wa Januari na wa Desemba wanakaa dawati moja, wamepishana miezi 11, na mzazi wa yule wa Desemba kila siku analia wake ni mzito wa kuelewa.

Na homuweki za kuandika kwa mtoto wa miaka 3 mi sizikubali, hata mkurugenzi anune. Miaka 3 anaiga duara, 4 anaiga msalaba, kwenye 5 mraba, pembetatu inakuja baadaye, na vifupa vya kifundo cha mkono bado vinakomaa. Mpe udongo afinyange, achambue maharage, afunge vifungo vya shati lake mwenyewe. Wa darasa la kwanza akigeuza b na d ni kawaida, ila akifika la tatu bado anakisia maneno kwa kuangalia picha, anzeni kumpima macho na masikio kabla hamjamwita mvivu, na mwalimu akigoma kuwasikiliza muoneni mkuu.