Rafiki Akishukiwa Kupanga Mauaji: Ushauri kwa Familia Inayofuata Kesi

Mtu akiuawa kwa njama ya mwandani wake, kinachoichoma familia kuliko yote ni ule usaliti. Lakini katika sheria ya Kenya, usaliti si kosa lenye kifungu chake. Nilifuata kesi ya binamu yangu katika Mahakama Kuu ya Kisumu tangu washtakiwa waliposomewa mashtaka hadi hukumu. Nawaandikia mlioanza safari hiyo sasa, muwe Kakamega, Nakuru au papa hapa Kisumu.

Elewa kwanza mashtaka yenyewe. Kifungu cha 224 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu kula njama ya kuua, hata kama hakuna aliyekufa, kwa kifungo cha hadi miaka 14. Mtu akishauawa, upande wa mashtaka kwa kawaida hushika kifungu cha 203, cha mauaji, na kukiegemeza kwenye cha 21, cha nia ya pamoja. Ndiyo maana aliyempigia binamu yangu simu atoke nyumbani alisimama kizimbani pamoja na waliomshambulia, ingawa yeye hakuinua mkono.

Sasa, nia hiyo haiandikwi popote. Jaji huisaka katika matendo: nani alimpigia nani na saa ngapi, simu ilinasa mlingoti upi wa mtandao, pesa za M-Pesa zilikwenda kwa nani usiku ule, mtu wa boda boda alimshusha wapi. Ushahidi wa mazingira, yaani wa dalili kama hizo bila aliyeshuhudia mauaji, unatosha kumtia mtu hatiani, ila tangu kesi ya Kipkering arap Koske ya mwaka 1949 kipimo chake ni kikali: usiache nafasi ya maelezo mengine yoyote yanayoweza kumwondolea mshtakiwa hatia. Tuhuma pekee hazifungi mtu. Huku kwetu Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, aliuawa mwaka 1990, kila kijiji kikawa na jina lake la muuaji. Aliyeshtakiwa aliachiliwa mwaka 1994, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Kwa hiyo, simu ya marehemu isiguswe. Msiifungue kutafuta jumbe, msiitoe laini, msiipitishe kwa jamaa mmoja mmoja. Mkabidhini afisa mpelelezi, naye aandike na kutia saini kwamba ameipokea. Ushahidi wa kielektroniki huhitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na wakili wa utetezi atauliza simu ilipitia mikono ya nani.

Mkiandikisha taarifa, semeni mlichoona na kusikia. Shangazi yangu alitaka iandikwe kwamba sote tunajua ni yule rafiki. Mpelelezi akamsihi akumbuke asubuhi ile ilivyokwenda. Ndipo akasema kijana yule alifika alfajiri kuuliza kama marehemu amepatikana, na wakati huo hatujamwambia mtu yeyote kwamba hakulala nyumbani. Sentensi hiyo ilikuwa na uzito kuliko machozi yetu yote, na nasema hivyo kwa heshima ya machozi hayo.

Vijana wa mtaa wakitaka kumbana mshukiwa akiri, wazuieni kabisa. Ungamo hukubalika likitolewa kwa hiari mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa ambaye hachunguzi kesi hiyo. La kupigwa halina faida, na linawapa utetezi silaha.

Mna haki ya kusikika. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inaitambua familia, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Bungoma, ilikubali mwathiriwa ashiriki kupitia wakili wake, bila kugeuka kiongozi wa mashtaka wa pili.

Shahidi akianza kutishwa, mwambieni kiongozi wa mashtaka siku hiyo hiyo. Shirika la Kuwalinda Mashahidi liko kwa ajili hiyo. Msimfiche nyumbani kwenu wala kumpa pesa, hata kwa huruma, maana swali la kwanza atakaloulizwa kizimbani ni nani anamlisha.