Kusuuza Vizuri Huanza na Kukamua

SWALI: Ndugu Mhariri, mashine yangu ya zamani ya kufulia, yenye mlango juu na nguzo ya kukorogea katikati, ilijaa maji hadi karibu na ukingo, na nguo zilitoka safi. Niliyonunua badala yake haina nguzo hiyo na hutumia maji kidogo sana, lakini nguo nyeusi hutoka na michirizi ya sabuni. Je, haiwezekani kuunda mashine ya aina hii ambayo itapunguza maji na bado ifue vizuri?

JIBU: Inawezekana, ila ni lazima tutenganishe kazi mbili za maji: kufua na kusuuza. Katika mashine ya nguzo, nguo zinapaswa kuelea ndipo mapezi ya nguzo yaweze kuzizungusha, na ndiyo maana mashine hizo zilizoea kumeza zaidi ya lita 100 kwa mfuo mmoja. Mashine ya mlango wa mbele huinua nguo na kuziacha zianguke kwa uzito wake. Pipa lililosimama wima halina bahati hiyo. Katika mashine kama yako mpya, sahani inayozunguka ndani ya pipa, sehemu ya chini, huzifanya nguo zisuguane zenyewe, huku pampu ikirudisha maji ya sabuni juu ya nguo hizo. Hapo maji yanaweza kupunguzwa bila hasara kubwa.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kubana kwa mtindo huohuo maji ya kusuuzia. Tuchukulie kwamba nguo zimebaki na lita 10 za maji ya sabuni. Ukiongeza lita 40, yakachanganyika sawasawa, kisha ukakamua hadi zibaki lita 10, sabuni inayosalia ni moja ya tano. Lita hizohizo 40 zikigawanywa mara mbili, na nguo zikikamuliwa kila mara, husalia moja ya tisa. Nguo zikikamuliwa kwa nguvu hata zibaki na lita 5 tu tangu mwanzo, na maji yakigawanywa vilevile mara mbili, husalia moja ya 25, tena ya kiasi ambacho tayari kilikuwa nusu.

Kwa hiyo msanifu angefaa kuanzia kwenye mota, fito zinazoning'iniza pipa, na pete yenye maji ya chumvi ndani yake, iliyo ukingoni mwa pipa na inayotuliza mtikisiko, kwa sababu pipa linaloyumba haliwezi kuzunguka kwa kasi inayotakiwa.

Kwa mashine uliyo nayo, yeyusha sabuni ya unga kabla ya kuimimina, chagua isiyotoa povu jingi, kwani povu hulikaba pipa wakati wa kukamua, na usishindilie nguo, maana za juu hazitashuka hadi kwenye sahani.